Kichwa Kikatwe Siku ya Ngapi

Rhodnius prolixus ni mdudu mfyonza damu wa Amerika ya Kusini. Ni ndugu wa mbali wa kunguni wetu wa vitandani, ila amemzidi ukubwa, na kichwa chake ni chembamba na kirefu kuliko unavyotarajia. Kwao anaogopwa, kwa kuwa hubeba vimelea vya ugonjwa wa Chagas. Lakini kwa mtu anayetaka kujua mwili wa mdudu unatambuaje kwamba wakati wa kukua umefika, ni shida kumpata mnyama anayemfaa kuliko huyu. Ana hatua tano za utunutu, na katika kila hatua mlo mmoja mkubwa wa damu unamtosha. Anaweza kunywa hata mara kumi ya uzito wake mwenyewe, tumbo likatuna mpaka ngozi inang'aa, kisha anajificha. Kuanzia hapo unaweza kuhesabu siku. Tunutu wa hatua ya nne, akiwekwa kwenye joto lisilobadilika, hujivua gamba baada ya wiki mbili hivi. Wa hatua ya tano huchukua wiki tatu mpaka nne, na akitoka kwenye gamba lake la zamani ana mabawa.

Aliyeona thamani ya ratiba hiyo ni Vincent Wigglesworth, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1899, aliyesomea udaktari wa binadamu kisha akaajiriwa mwaka 1926 katika chuo cha usafi na magonjwa ya nchi za joto jijini London. Wengi wangemtazama mdudu huyu wakaona ugonjwa. Yeye aliona mnyama anayekuambia ameanza lini. Kiwavi hula kutwa kucha, huwezi kusema kwa hakika ni tonge lipi lililomwamsha. Huyu anakula mara moja, unaandika tarehe, basi. Nadhani nusu ya ufundi wote ninaotaka kuusifu hapa ilikuwa imekwisha siku alipomchagua mnyama. Nusu iliyobaki ilihitaji uzi, wembe, nta na subira.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anachukua kundi la tunutu walioshiba siku moja. Kila siku anatoa wachache, anawafunga uzi shingoni, anakata kichwa mbele ya uzi, anaziba jeraha kwa nta. Msomaji atauliza: mdudu asiye na kichwa si amekufa? Hapana. Mdudu hapumui kwa pua wala mdomo, anavuta hewa kwa vitundu vilivyo ubavuni. Moyo wake, ambao ni mrija mrefu mgongoni, hausubiri amri kutoka kichwani. Damu aliyokunywa ipo tumboni na inaendelea kumeng'enywa. Rhodnius aliyekatwa kichwa anaweza kuishi miezi mingi, akasimama, akasogeza miguu ukimgusa. Kitu pekee ambacho huenda hatakifanya ni kukua.

Hilo lilitegemea siku. Tunutu wa hatua ya nne waliokatwa kichwa siku mbili tatu za mwanzo walibaki vilevile hadi walipokufa. Waliokatwa baada ya siku ya nne hivi walianza kutengeneza gamba jipya chini ya lile la zamani, bila kichwa, kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa wa hatua ya tano mpaka huo uliangukia karibu na siku ya saba. Kwa hiyo kichwa kilikuwa kimetoa kitu, na kikishakitoa hakihitajiki tena. Kwa kusogeza tu siku ya kukata, alikuwa ameupata muda ambao amri inatoka. Hakuna mashine iliyotumika. Ni kalenda na wembe.

Na kichwa kiliambiwa na nani? Wigglesworth aliikata neva kuu ya kifuani mara baada ya mlo, na mdudu aliyejaa damu hakujivua gamba. Tumbo likivutika, neva zake hupeleka habari kichwani. Njia ikikatwa, shibe ipo lakini kichwa hakina taarifa. Mlo mdogo nao haukuleta mabadiliko, hata ukirudiwa. Inayosikika ni ile hali ya kuvutika.

Hapo mtu mwingine angeandika ripoti yake na kwenda nyumbani. Yeye aliuliza hiyo amri inasafirije. Akachukua tunutu wawili waliokatwa vichwa, mmoja kabla ya ile siku na mwingine baada yake. Akaziunganisha shingo zao kwa mrija wa kioo mwembamba, akaziba kiungo kwa nta isiyovuja. Damu ikawa moja. Jaribu kulifikiria pale mezani: wadudu wawili wenye urefu usiofika sentimita mbili kila mmoja, shingo kwa shingo, na kiungo ambacho kikivuja hata kidogo kazi yote inapotea. Nta ikiwa ya moto mno inaunguza nyama, ikipoa mapema haishiki. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kuwaweka kwenye joto lao na kungoja siku zipite. Yule aliyekatwa mapema, ambaye peke yake asingekua kamwe, akaanza kutengeneza gamba jipya. Hapakuwa na neva kati yao. Kilichopita kilikuwa ndani ya damu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1934.

Lakini lililonifanya nimpende fundi huyu ni lililofuata. Ukishajua kuwaunganisha wadudu, unaweza kuwaunganisha wasiolingana umri. Alichukua mtoto wa hatua ya kwanza kabisa, wa milimita chache, ambaye alipaswa kupitia hatua nne nyingine kabla ya utu uzima, akamkata kichwa na kumuunga na tunutu wa hatua ya tano aliyekwisha kupita siku yake. Mtoto huyo aliruka ngazi zote. Alitokea mtu mzima wa kimo cha mtoto, mwenye gamba la kikubwa na dalili za mabawa. Kisha akageuza jaribio. Tunutu wa tano, ambaye zamu yake ilikuwa kuwa mtu mzima, aliungwa na wa nne ambaye alikatwa ncha tu ya kichwa na kuachiwa sehemu yake ya nyuma. Wa tano hakukomaa. Alijivua akawa tunutu tena, mkubwa kupita kiasi, wa hatua ya sita ambayo kwa kawaida haipo duniani.

Kwa hiyo ujumbe ulikuwa wa aina mbili: mmoja husema jivue, mwingine husema bado wewe ni mtoto. Huo wa pili unatoka wapi kichwani? Hapa ndipo ule urefu wa kichwa cha Rhodnius ulipolipa. Nyuma ya ubongo wake kuna tezi ndogo sana, na kwa sababu kichwa ni kirefu, wembe unaweza kupita katikati ya hivyo viwili. Ukikata kwa mbele, unaondoa ubongo na kuiacha tezi mwilini. Ukikata kwa nyuma, unaondoa vyote. Baada ya ile siku ya mpaka, mdudu mchanga aliyekatwa kwa mbele alibaki tunutu katika gamba lake jipya. Aliyekatwa kwa nyuma alielekea utu uzima kabla ya wakati. Tofauti ya mkato mmoja na mwingine ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake mlikuwa na jibu. Tezi hiyo ndiyo inayotoa homoni ya utoto, akaitangaza mwaka 1936.

Alisomaje majibu hayo? Kwa macho, chini ya hadubini, juu ya ngozi ya tumbo. Gamba la tunutu limekunjamana kwa mikunjo inayosambaa kama miale, katikati yake pana vibamba laini vyenye nywele moja moja. Gamba la mtu mzima lina mistari inayokingama. Ukilijua hilo huhitaji kumpasua mdudu ili kujua seli zake zimesikia nini. Miaka ya baadaye, walipopatikana vitu vyenye nguvu ya homoni ya utoto, alikwangua kisehemu kidogo cha ngozi ya tunutu wa tano na kupaka hapo tu. Mdudu alikomaa mwili mzima, isipokuwa kiraka hicho kilichobaki na gamba la kitoto. Kila seli ya ngozi ilikuwa imejisikilizia yenyewe.

Alikuwa pia mtu wa kujirudi. Mwanzoni aliidhania tezi ileile kuwa ndiyo inayotoa amri ya kujivua. Kufikia mwaka 1940, baada ya kupandikiza vipande vya ubongo kutoka mdudu hadi mdudu, alionyesha kwamba amri hiyo huanzia kwenye seli fulani za sehemu ya juu ya ubongo. Mwaka huohuo Mjapani Soichi Fukuda alithibitisha kwa kiwavi wa hariri kwamba kifuani kuna tezi nyingine inayopokea amri ya ubongo na kutoa homoni yenyewe ya kujivua. Tezi ya namna hiyo kwa Rhodnius Wigglesworth aliipata mwaka 1952.

Haki idai jina moja la kabla yake. Stefan Kopeć wa Poland alikuwa amefunga viwavi wa nondo kwa uzi na kuwatoa ubongo, akachapisha matokeo mwaka 1917 na tena 1922. Aliona kwamba ubongo wa kiwavi ukitolewa mapema, hakuna pupa. Ukitolewa baadaye, pupa hutokea. Aliikata pia kamba ya neva na kuona haizuii kitu. Wakati huo wazo kwamba ubongo unaweza kuwa tezi halikuwa rahisi kuliuza, na halikununuliwa kwa haraka. Mwaka 1941 Wajerumani waliokuwa wameikalia nchi yake walimpiga risasi.

Uzi huo wa Kopeć ukapata kazi nyingine kwa Gottfried Fraenkel, aliyewafunga funza wa nzi katikati. Ukifunga kwa wakati unaofaa, nusu ya mbele hukauka na kuwa ganda la kahawia la pupa, nusu ya nyuma hubaki nyeupe na laini. Ukiichoma ile nusu ya nyuma sindano ya damu kutoka kwa mwenzake anayegeuka, nayo hugeuka kahawia. Wanakemia wakapata walichokikosa: kipimo. Mtu anayetafuta kitu asichokijua umbo wala jina anahitaji ulimi wa kumwambia ni chungu gani chenye chumvi, na ulimi wao ukawa nusu funza. Nchini Ujerumani, Adolf Butenandt na Peter Karlson walianza na kilo 500 za pupa za nondo wa hariri. Wakachuja, wakatenga, wakaonja kwa nusu funza, wakatupa, wakatenga tena. Mwaka 1954 walikuwa na fuwele za miligramu 25. Hiyo ndiyo ekdisoni. Umbo lake kamili lilijulikana mwaka 1965: ni steroidi, ya ukoo mmoja na homoni zetu za uzazi, na mdudu huitengeneza kutokana na kolesteroli anayoipata kwenye chakula kwa sababu hawezi kujitengenezea.

Yeyote anayetaka kujua ujumbe huo ukifika ndani ya seli hufanya nini na atazame tezi za mate za buu wa usubi aitwaye Chironomus. Kromosomu zake ni kubwa kupita kawaida na zina mistari unayoweza kuihesabu chini ya hadubini. Mwaka 1960 Ulrich Clever na Karlson walimchoma buu ekdisoni, na kabla saa haijaisha sehemu fulani za kromosomu zilianza kuvimba. Vivimbe hivyo ni jeni zinazofunguliwa na kusomwa. Homoni ilikuwa imeingia hadi kwenye kiini cha seli. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuitazama kwa jicho homoni ikiamsha jeni.

Upande wa Marekani fundi alikuwa Carroll Williams wa Harvard, na mnyama wake nondo mkubwa wa cecropia. Aliwalaza pupa kwa gesi ya kabonidioksidi, akawakata vipande viwili, akaviunga na kuvitenganisha kwa ustadi ambao hata picha zake zinatisha kidogo. Mwaka 1956 alitangaza kwamba matumbo ya nondo dume wa aina hiyo yamejaa homoni ya utoto, akaikamua kwa namna ya mafuta ya rangi ya dhahabu. Ukimpaka pupa, hawi nondo. Hujivua akawa pupa tena.

Kutoka maabara hiyo kuna kisa ambacho siwezi kukiruka. Katikati ya miaka ya 1960 Karel Sláma alikuja kutoka Prague akiwa na wadudu wake wekundu, Pyrrhocoris. Kwao walikomaa bila shida. Harvard walikataa: badala ya kuwa watu wazima waliingia hatua ya sita, wengine ya saba, kisha wakafa. Yeye na Williams walipekua kila kilichotofautiana na Prague, chakula, maji, mwanga, mpaka wakabaki na kipande cha karatasi ya kufutia mikono kilichowekwa ndani ya chupa ili wadudu watembee juu yake. Wakajaribu magazeti. New York Times liliwazuia kukomaa, na Wall Street Journal vilevile. The Times la London halikuwa na neno, wala jarida la Nature. Karatasi za Marekani zilitokana na mti wa msonobari uitwao balsamu, na mti huo una kemikali inayojifanya homoni ya utoto. Mwaka 1966 William Bowers na wenzake waliitambua, wakaiita juvabioni. Mtu mvivu angebadilisha wadudu. Hawa walibadilisha magazeti.

Kilichojitokeza ni kwamba mimea imeifahamu lugha hii kabla yetu. Katika nyanda za juu za Kenya uko mmea mdogo wenye uchungu mkali, Ajuga remota, ambao Wakikuyu huuita wanjiru wa rurii na kuutumia kwa homa. Isao Kubo na wenzake walipowalisha viwavi utomvu wa mizizi yake, walipata matokeo yasiyosahaulika, yaliyochapishwa mwaka 1981. Mmea una vitu vya jamii ya ekdisoni. Kiwavi hupata amri ya kujivua mfululizo, anatengeneza kichwa kipya chini ya kile cha zamani, lakini cha zamani hakitoki. Anaishia na maganda matatu ya kichwa yaliyopandana, mdomo umefunikwa, na anakufa njaa huku majani yapo mbele yake.

Mtu wetu katika ufundi huu ni Thomas Odhiambo, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1931, akasoma Makerere, kisha akaenda Cambridge kufanya utafiti chini ya Wigglesworth mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa profesa huko. Odhiambo alimchukua nzige wa jangwani dume, akamtoa ile tezi ya homoni ya utoto. Ni tezi ileile, lakini safari hii kwa mdudu aliyekwisha pata mabawa, ambaye hana tena utoto wa kulindwa. Nzige asiye na tezi alinenepa, mafuta yakajaa mwilini, akapunguza kutembea. Akipandikiziwa tezi, uchangamfu unarudi. Homoni ambayo kwa tunutu ni zuio, kwa mkubwa ni msukumo wa kukomaa kiuzazi na kuhangaika. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu, icipe, ambacho makao yake Kasarani yanaitwa Duduville, jina ambalo sijui kama kuna taasisi nyingine duniani ingethubutu kujipa.

Katika kituo hicho somo la wakati lilihamia kutoka homoni za ndani kwenda harufu wanazorushiana wadudu. Madume ya nzige waliokomaa hutoa kemikali inayosaidia kulishikilia kundi la wakubwa. Ahmed Hassanali na wenzake walijaribu kuwapa tunutu harufu hiyohiyo ya wakubwa. Kundi likapoteza mwelekeo, tunutu wakatawanyika, wakaanza kulana, na wakawa mawindo rahisi.

Na huko Ifakara, Tanzania, watafiti walichukua pairiproksifeni, dawa inayoiga homoni ya utoto, wakaipaka kwenye vyungu vya udongo ambamo mbu jike hupumzika mchana. Mbu hadhuriki hapo chunguni. Anatoka na vumbi lake miguuni, anakwenda kutaga, na maji anayotagia yanapata dozi. Viluwiluwi humo hula na kukua kama kawaida hadi hatua ya pupa, siku ambayo homoni ya utoto ilipaswa kuwa imetoweka mwilini. Inakuwa bado ipo, na mbu hatoki. Dozi inayotosha ni ndogo mno, ndiyo maana miguu ya mbu inaweza kuibeba. Majaribio hayo yalifanyika ndani ya mabanda makubwa ya wavu. Nje ya wavu mvua huongeza madimbwi kila wiki, na kazi ya kuhesabu ni mbu wangapi watalifikia dimbwi lipi ndiyo inayowaumiza vichwa mafundi wa sasa.